Weupe wa Ndani ya Sufuria

Arusha,
Alhamisi, 9 Septemba 1954

Kwa kaka yangu mpendwa Mikidadi bin Shomari,

Assalaam aleikum. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la mkonge kimepata nafuu. Huku kwetu baridi ya mwezi wa nane imeanza kuondoka, na asubuhi mlima tunauona mpaka kileleni. Baba anaendelea vizuri. Jana aliketi barazani kwenye cherehani yake akatunga uzi kwenye sindano bila msaada wa mtu. Mama hajambo. Mimi nami sijambo, ila usingizi tu umenipungua.

Usishangae kuona karatasi ya daftari. Barua hii haikusemwa na Mama. Zile tatu ulizopata tangu Idi, Mama alikaa juu ya kibao cha kukunia nazi akasema, mimi nikaandika. Hii naiandika peke yangu darasani, wakati wenzangu wamekwenda kucheza uwanjani, wala hakuna ajuaye. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuacha kusoma kabla ya mwisho, nawe utaona yaliyotokea.

Nianze na vyombo, maana ndiyo asili ya yote. Unakumbuka kwamba Bibi alipofariki aliniachia mimi, somo yake, kazi ya kuvitunza vyombo alivyokuja navyo kutoka Pangani: sinia mbili, birika la kahawa, mrashi, chetezo, na ile sufuria kubwa ya shaba nyekundu ambayo Mama hupikia mchuzi. Kila Alhamisi nikitoka shule huvitandaza juu ya mkeka uani. Sinia na mrashi huvisugua kwa ukwaju uliolowekwa, kisha kwa majivu niliyoyachekecha kwa kitambaa, kisha navisuuza na kuvifuta upesi, kwa kuwa tone la maji likikauka juu ya shaba huacha alama kama ya kidole. Kwenye michoro ya birika natumia unyoya wa kuku. Wewe ulikuwa ukinicheka kwamba nitaolewa na sinia. Lakini kaka, mbele za watu ulimi wangu hukwama, na mbele ya vile vyombo haukwami.

Mwaka huu Mwalimu Pudensiana, anayetufundisha maarifa ya nyumbani, alitupa kitabu chenye sura nzima juu ya utunzaji wa vyombo vya chuma na shaba. Nilinakili ukurasa mzima kwa wino. Basi siku moja kabla ya Idi Kubwa nikaifuata kanuni ya kitabu neno kwa neno. Ile sufuria niliisugua kwa ndimu na mchanga wa mtoni, nje na ndani, tangu adhuhuri mpaka alasiri, hata ndani ikawa nyekundu kama nje. Mama aliigeuza juani akasema hajapata kuiona hivyo tangu siku Bibi alipoishusha kwenye garimoshi. Aliongeza kwamba kumbe hivyo vitabu vina faida. Nilifurahi sana, kwa kuwa unajua maneno yake ya mwezi wa Ramadhani, Bi Mwanamkuu jirani yetu alipoleta ile posa: kwamba kwa sasa ataniacha nisome, lakini siku ya kwanza vitabu vikileta hasara ndani ya nyumba yake, ataitikia posa na mimi nitakaa ndani.

Siku ya Idi mkeo Nosim aliomba apike yeye supu ya kichwa na miguu kama wanavyopika kwao Sekei, yenye magome ya mti ndani yake. Mama alikubali kwa ajili ya sikukuu. Nosim aliyakata magome mbele yetu sote akayatia katika ile sufuria. Baba akanywa mabakuli mawili, akasema supu ya Waarusha ingeweza kumwamsha maiti akadai la tatu. Baadaye Mama akapika mchuzi wa ukwaju katika sufuria ileile, na uliobaki ukalala humo mpaka asubuhi, kwa sababu Baba hupenda kuula na mkate wa asubuhi.

Siku ya pili Baba akatapika. Siku ya tatu Mama akashikwa na tumbo, na mimi vilevile. Nosim hakushikwa na kitu.

Bi Mwanamkuu alikuja kutazama wagonjwa. Alikaa, akamtazama Nosim akipita na ndoo ya maji kichwani, kisha akamwambia Mama, “Shoga, nyumba nzima imelala chali, yule peke yake anatembea kama swala. Hujiulizi?” Mama akajibu kwamba hajiulizi. Akajiuliza wiki nzima.

Kaka, shaka ni kama moshi wa kuni mbichi. Ukishaingia chumbani huoni tena kitu kwa rangi yake. Toka hapo kila alilofanya Nosim lilikuwa na maana nyingine. Mchuzi wetu hakuula. Alikula ugali kwa maziwa ya kibuyu anayoletewa na ndugu zake. Kila Jumamosi alipanda Sekei, akarudi na kitu kimefungwa pembeni mwa kanga. Asubuhi moja nilimwona akilowesha kidole, akakipitisha ndani ya sufuria, akakiweka ulimini, halafu akatema mate kwenye migomba. Nilijificha nyuma ya mlango wa jiko. Siku nyingine alimwambia Mama, kwa Kiswahili chake kile, akimwita mama kwa lugha ya kwao, “Yeyo, hii sufuria yenu iko na ladha ya kisu.” Mama akamsimulia jirani. Bi Mwanamkuu ndiye aliyetafsiri: msichana ametaja kisu ndani ya nyumba yenye mgonjwa, tena akicheka. Kusema kweli hakucheka, lakini ilipofika jioni hata mimi nilikuwa nakumbuka kwamba alicheka.

Mara ya mwisho tuliikuta sufuria imefichwa nyuma ya kuni, na yeye anapika kwa chungu cha udongo alichokiazima. Mama alilia. Alisema, “Huyu hataki hata vyombo vya mama mkwe wangu, anataka kutuhamisha kwenye mila zetu.” Akaitoa sufuria kwenye kuni, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akapika humohumo tena mchuzi wa ukwaju, makusudi.

Yote hayo niliyaandika nyuma ya daftari langu, kila jambo na tarehe yake, nikijiona mwerevu. Baba alikonda mpaka koti likamning'inia. Yule wa zahanati alimpa dawa nyeupe ya chupa, akamuuliza Mama tunakula nini nyumbani. Mama alimjibu kwamba tunakula kama watu wanavyokula, wakaagana hapo.

Ndipo Mama akakuandikia barua ya kwanza, na ya pili, na ya tatu akataka umwache mkeo. Hiyo ya tatu nitairudia.

Baada ya kuituma ile ya tatu, nilishindwa kula. Niliwaza kwamba Mwalimu Pudensiana angeniuliza nimejuaje kuwa ni yale magome yaliyotudhuru. Kwa hiyo nilichukua kipande kilichokuwa kimebaki juu ya dari la jiko, nikakichemsha katika kikombe cha bati, nikanywa. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo bila kumwambia mtu, na siku hizo tatu nilisema naumwa jino nisile mchuzi. Yalikuwa machungu kama mwarobaini, machozi yakanitoka. Lakini tumbo langu, kaka, ambalo lilikuwa limenisokota wiki tatu, likatulia tuli. Nikaogopa zaidi kuliko kwanza. Kwamba kama si magome, ni nini?

Jumatano ya wiki iliyopita alikuja Fundi Sefu, yule mzee mwenye punda na mivukuto, anayezunguka kutoka Moshi hadi Babati akitengeneza vyombo. Miaka miwili alikuwa hajapita kwa sababu ya macho. Tulimsikia tangu kona ya msikiti akiita, “Vikongwe virudi ujana! Leteni vikongwe!” Mama alikuwa amelala. Nosim akatoka mbio na sufuria mikononi. Nilidhani anakwenda kuiuza. Nikamfuata, na Bi Mwanamkuu naye alikuwa palepale uani kwake akitafuta birika lake bovu.

Fundi aliipokea, akaingiza kichwa chake karibu chote ndani, akapitisha ukucha. Kisha akauliza nani amemchuna mbuzi huyu angali hai. Sikumwelewa. Akasema kwamba sufuria ya shaba nyekundu haipikiwi ikiwa uchi. Kule ndani hupakwa bati, na ule weupe mchafumchafu tuliokuwa tukiuona siku zote si uchafu wala ukoko, ni nguo yake. Bibi yetu alimletea kila mwaka aipake upya, tena alikuwa akimgombeza akiacha hata tundu la sindano. Bati likiondoka, alisema, kitu kichachu kinakula shaba, shaba nayo inakula matumbo ya watu, hasa kikilala humo mpaka asubuhi. Akatuonyesha kwenye mkunjo wa chini kijani chepesi kama ukungu wa mkate. Akauliza kama kuna mtu anaumwa nyumbani.

Kaka, nilisimama pale na mikono yangu hii. Nilikumbuka jinsi ule weupe ulivyokataa kutoka, na mimi nikauongezea mchanga. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitoka vipande vipande kama magamba ya samaki, na mimi nikifurahi.

Nosim alinitazama. Siku ile ya kuamkia Idi alikuwa amepita na maji akasimama akaniangalia nikisugua, kisha akaenda zake. Alijua. Nikajua kwamba anajua. Fundi akarudia kuuliza ni nani aliyefanya kazi ile, nami ulimi ukakwama kama kawaida yake. Nosim akasema, “Ni mimi, mzee. Kwetu hakuna shaba. Mimi sikujua.” Fundi akamsamehe papo hapo, akasema mgeni haulizwi njia ya chooni. Akawasha makaa, akavuta mivukuto, akanyunyiza unga wake uliotoa moshi mkali, na bati lilipoyeyuka akalisukuma kwa donge la pamba. Weupe ukatambaa ndani ya sufuria kama maziwa yanavyotambaa ndani ya kibuyu. Nosim alimlipa kwa mayai aliyokuwa ameyaleta kutoka Sekei. Ndicho kilichokuwa kwenye pembe ya kanga, kaka. Mayai, ili Baba apate nguvu.

Lakini Bi Mwanamkuu alikuwa amesikia “ni mimi”, na zaidi ya hapo hakusubiri. Kabla sufuria haijapoa alishafika kitandani kwa Mama. Alimwambia, “Amekiri mwenyewe mbele ya fundi, shoga, na binti yako shahidi.” Mama akaniita. Akaniuliza kama ni kweli Nosim amesema ni yeye. Nikasema ndiyo, amesema. Hilo lilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ile kweli.

Kesho yake asubuhi Nosim alirudishwa kwao. Alikunja nguo zake, akampa Mama shikamoo, Mama akatazama ukutani. Nilimkimbilia mpaka pale njia inapoanza kupanda, nikamuuliza kwa nini amejitwika mzigo wangu. Alikuwa amesikia ile habari ya posa. Akasema, “Wewe wifi, wakikutoa shule, nani atanisomea barua za kaka yako?” Akacheka kidogo, hapo alicheka kweli, akaenda.

Sasa Baba anapona, na Mama anasema, “Mnaona? Kaondoka, na ugonjwa kaondoka nao.” Kila mtu anaitikia. Na sufuria nyeupe iko palepale jikoni, na mimi ndiye niliyeiosha jana.

Nilirudi kwenye kitabu cha Mwalimu Pudensiana. Siku ile niliponakili, kengele ililia nikafunga, nikadhani sura imekwisha kwa kuwa ukurasa umekwisha. Nilipofunua upande wa pili, mstari wa kwanza kabisa unasema kwamba chombo cha shaba kilichopakwa bati ndani kisisuguliwe kwa mchanga wala kukwanguliwa, bali kioshwe kwa maji ya moto na kitambaa laini. Mstari wa kwanza, kaka. Ilibaki kufunua tu.

Hayo ndiyo makosa yangu ya mikono. La ulimi sijalisema, na ndilo lililonifanya niandike.

Katika barua ya tatu Mama alisema niandike kwamba yeye “anaona dalili mbaya.” Niliona maneno hayo hayana nguvu. Nikaongeza ya kwangu, Mama asijue: “Nami Mwanahalima nimemwona kwa macho yangu akitia kitu ndani ya sufuria kwa siri.” Kaka, sikumwona. Nilimwona akitia magome mbele ya watu wote, na nilimwona akionja sufuria kwa kidole kwa sababu alihisi ina kasoro na sisi tulikataa kumsikia. “Kwa siri” nililitoa kichwani mwangu, kwa kuwa lilikaa vizuri katika sentensi.

Barua yako ilifika Jumatatu. Tangu Baba augue, mimi ndiye ninayezichukua barua zetu dukani zinakofikia, nikitoka shule. Niliifungua njiani kama kawaida, ili niwasomee bila kukwama. Niliona umeandika kwamba umemwamini mdogo wako kuliko mtu yeyote, kwa sababu hajapata kukudanganya. Na umeniagiza nimwite Nosim, na Baba, na mashahidi wawili, nimsomee barua hiyo kwa sauti. Na kwamba maneno hayo yakishasomwa mbele yake na kufika masikioni mwake, hapo ndipo atakuwa si mkeo, si kabla.

Hayajafika masikioni mwake. Nyumbani hakuna asomaye herufi hizi ila mimi. Mama akiniuliza kila jioni kama Mikidadi amejibu, namwambia bado. Leo ni siku ya nne namdanganya mama yangu, na kila siku yeye hunipa nyama ya juu kwa sababu ninasoma kwa bidii. Nosim naye yuko Sekei anasubiri barua yako, akitumaini sauti yangu itamletea habari njema.

Kaka, nimeandika kila nilichoambiwa tangu nilipojua kuandika, na nimesoma kila nilichoambiwa. Hiyo siisomi. Ukitaka bado kumwacha, mtafute msomaji mwingine, lakini umwache kwa kosa lake, si kwa langu. Na ukitaka kumrudisha, mwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, hata mistari miwili; nitaipeleka Sekei kwa miguu yangu nimsomee mpaka mwisho, upande wa pili na wote.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa, Baba akirudi msikitini, nitawaambia yeye na Mama habari ya mchanga, na habari ya “kwa siri”, na barua yako niliyoificha. Najua posa ile haijavunjika. Ndiyo maana barua hii naipeleka posta leo, kabla sijafika nyumbani. Ikishaondoka na gari la jioni sitaweza tena kubaki kimya hata nikitaka. Nikitolewa shule, usimlaumu Mama. Alisema mapema.

Jitunze na vumbi. Baba na Mama wangekusalimu kama wangejua naandika, kwa hiyo pokea salamu zao nilizozikopa kwao. Nosim nilipokuwa nikimwandikia zile barua zake kwako alikuwa hana maneno mengi, nikimuuliza niseme nini, alikuwa akijibu, “Mwambie nipo.” Basi nakwambia: yupo.

Ni mimi mdogo wako, ninayetaraji radhi yako,

Mwanahalima binti Shomari

Iliyomo ndani ya bahasha hii: barua yako ya tarehe 2 Septemba. Haijasomewa mtu.